Haibaneti haili betri ya laptopu, inayokula ni slipu

Mhariri, salamu kutoka Mbeya, huku baridi imeshaanza kazi yake na asubuhi hakuna anayetoka bila sweta.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja limenichosha. Mi ni fundi kompyuta hapa Mwanjelwa, na kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu na watumishi, inasema ukitaka betri ya laptopu idumu usiguse kabisa haibaneti (Hibernate, ile namna ya kuzima laptopu bila kufunga kazi ulizofungua), eti inafyonza betri usiku kucha na inaua hadi diski, bora uifunike tu iende slipu (Sleep, yaani ilale) yenyewe. Kaandika kwa herufi kubwa, kajaza alama za mshangao, mwisho kaweka tuma kwa unaowapenda, na watu kweli wanatuma. Hiyo meseji imegeuza mambo kichwa chini miguu juu, na kinachoniuma ni kwamba watu wananunua betri mpya wakati za kwao bado nzima.

Ngoja nieleze taratibu maana wengi wanaosoma gazeti lako siyo watu wa kompyuta na wala hawana haja ya kuwa. Kazi unayofanya kwenye laptopu, ile barua uliyofungua, ile Excel ya maksi, zile kurasa za intaneti, vyote wakati unavitumia vinakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya laptopu, na RAM ina tabia moja, umeme ukiondoka inasahau kila kitu. Sasa ukifunika laptopu ikaenda slipu, kioo kinazima, prosesa inatulia, feni inanyamaza, ukiitazama unaona imezima, lakini RAM lazima iendelee kulishwa umeme ili isisahau, na kama hujachomeka chaja huo umeme unatoka wapi? Kwenye betri hiyo hiyo. Haibaneti yenyewe inafanya tofauti, inachukua kilichokuwa kwenye RAM inakiandika kwenye diski, kwenye faili moja kubwa linaloitwa hiberfil.sys, halafu inajizima. Inajizima kweli kweli, kama laptopu yako ni zile za zamani za betri ya kuchomoka unaweza ukachomoa betri ukaiweka mezani ukairudisha kesho kutwa, ukiwasha inasoma lile faili na unakuta kila kitu pale pale ulipoacha, hadi kile kimstari kinachopepesa kipo katikati ya neno ulilokuwa hujamalizia.

Slipu ni bajaji imesimama kijiweni pale Kabwe inaunguruma inasubiri abiria, haiendi popote ila mafuta yanaenda. Haibaneti ni bajaji imezimwa na funguo ziko mfukoni. Sasa mtu anakwambia hii ya pili ndo inamaliza mafuta!

Nikupe mfano mmoja uone. Alikuja mwalimu mmoja wa taaluma kutoka upande wa Rungwe, mtu mzima, na laptopu kwenye mfuko wa rambo ndani ya begi maana Tukuyu mvua haina ratiba, na alishaambiwa na fundi mwingine kwamba betri imekufa atafute nyingine, na betri ya laptopu siyo hela ya vocha.

Nikamwambia shikamoo mwalimu, karibu.

"Marahaba fundi. Hebu niangalizie hii betri, kila Jumatatu imekufa."

Nikamuuliza, kila Jumatatu tu, siku nyingine je? Akafikiria kidogo. "Katikati ya wiki inajitahidi."

Hapo fundi aliyezoea anatakiwa kushtuka, maana betri iliyokufa haiangalii kalenda. Nikafungua ile dirisha nyeusi ya Command Prompt nikaandika powercfg /batteryreport, hiyo ni amri ipo ndani ya Windows yenyewe hununui wala hudanlodi chochote, inatengeneza ripoti na inakwambia imeihifadhi wapi, unaifungua kama ukurasa wa intaneti. Mle kuna mistari miwili ya kuangalia kwanza, Design Capacity ni uwezo betri iliotoka nao kiwandani, Full Charge Capacity ni uwezo iliobaki nao leo. Ya mwalimu ilitoka na wati-saa 41 (wati-saa ndo kipimo cha umeme betri inaoweza kubeba) na sasa imebaki na 31. Yaani robo tatu bado ipo. Betri ya namna hiyo siyo mpya lakini kuiita maiti ni dhambi.

Tukashuka chini kwenye ile ripoti kuna sehemu inaonyesha siku za karibuni laptopu ilikuwa macho saa ngapi, imelala saa ngapi, na chaji ilikuwa asilimia ngapi. Ijumaa saa kumi na moja jioni, asilimia 92, imefunikwa. Jumatatu saa moja asubuhi, asilimia 7. Katikati hakuna mtu aliyeigusa, mwalimu mwenyewe alikuwa shambani kwake kwenye viazi. Kaa upige hesabu, Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni masaa 62, na asilimia 85 ya wati-saa 31 ni kama wati-saa 26 hivi, ukigawanya kwa 62 unapata wati sifuri nukta nne na kitu. Haifiki hata nusu wati! Ndo maana mtu haoni, kiasi chenyewe kidogo, laptopu haipati moto, hailii, haiwaki, ila masaa 62 ni mengi mno. Na angalia hii, betri ikiwa mpya ya wati-saa 41 ingebaki na chaji ya kutosha kuanzia kazi Jumatatu, kwa hiyo wakati laptopu ni mpya tatizo lilikuwepo lile lile ila lilijificha, betri ilivyochoka kidogo likajitokeza na watu wakasema betri imekufa ghafla.

Ingekuwa haibaneti, Jumatatu angeikuta na 91 au 92.

Lakini jambo la pili ndo lililonikera zaidi. Kwa kawaida Windows ina ulinzi wake, betri ikikaribia kuisha kabisa, mara nyingi kwenye asilimia 5 hivi, laptopu yenyewe inajipeleka haibaneti ili kazi yako isipotee. Ya mwalimu ilikuwa haifanyi hivyo, inakata tu pu, na maksi za darasa zima ambazo hajasevu zinaenda nazo. Kwa nini? Kwa sababu fundi aliyempigia Windows aliizima haibaneti kabisa. Hii tabia ipo sana, laptopu ina SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ndogo ya GB 128, mteja analalamika nafasi imejaa, fundi anaandika powercfg /h off, lile faili la hiberfil.sys linafutika, nafasi inarudi, mteja anafurahi, fundi anaonekana bingwa. Hamwambii kwamba amemtolea na ile parachuti. Na nafasi yenyewe ni kiasi gani? Kwenye Windows 10 na 11 lile faili kwa kawaida linachukua kama asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mwenye RAM ya GB 8 ni GB tatu na ushee. Futa video za sendoff za watu usiowajua uone kama hazirudi hizo GB tatu. Enzi za Windows 7 sawa, lilikuwa linachukua kama asilimia 75 ya RAM na diski nyingi zilikuwa na nafasi ya kuhesabu, nawaelewa waliojifunza ufundi wakati ule, ila mambo yamebadilika na wao hawajabadilika.

Sasa kwenye hilo la kuua diski. Tuseme unahaibaneti mara mbili kwa siku, kila mara inaandika GB tatu, kwa siku GB sita, kwa mwaka haifiki hata terabaiti mbili na nusu (terabaiti moja ni kama GB elfu moja). SSD za GB 240, hata zile za bei chee, watengenezaji wenyewe wanazikadiria kuandikwa makumi ya terabaiti kabla hazijachoka, hebu gawanya mwenyewe uone itachukua miaka mingapi, laptopu itakuwa imeshaibiwa au imemwagiwa chai. Kwenye diski za zamani (hard disk) zile zinazozunguka ndo kuna la kuangalia, siyo kwamba haibaneti inaziua, ni kwamba wakati inaandika usiitikise. Watu wanabonyeza haibaneti kioo kikizima tu wanatupia kwenye begi wanarukia bodaboda, na barabara zetu za mitaani mnazijua, wakati sindano ya diski bado inaandika. Subiri ile taa ndogo ya pembeni izime kwanza. Ukiwa na haraka kiasi hicho basi zima kabisa.

Kuna wanaouliza, je wakati inaandika na kusoma si inakula betri? Inakula, sawa. Laptopu inayotumia wati 15 ikichukua nusu dakika kuandika na nusu dakika kusoma unapowasha, jumla dakika moja, hiyo ni robo ya wati-saa. Slipu inayokula nusu wati inamaliza robo ya wati-saa kwa nusu saa. Kwa hiyo kama unaenda chooni au kunywa chai ya saa nne kantini unarudi, funika tu iende slipu, hakuna ubaya, na inaamka haraka. Ukijua unakaa zaidi ya nusu saa, unaenda kipindi, unaenda msibani, unapanda gari, weka haibaneti. Sisemi slipu ifutwe duniani, ina kazi yake, ila watu wameifanya ndo namna ya kuzima.

Na kwa wenye laptopu mpya mpya, nyie ndo msikilize zaidi. Wengi wanadhani tatizo hili ni la zile za mtumba kutoka nje, kumbe mara nyingi za mtumba zina nafuu. Zile za zamani zina slipu ya kawaida, inaitwa S3, kila kitu kinalala inabaki RAM tu. Ila kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 wakaleta slipu ya aina nyingine, kwenye Windows 10 ikaja kuitwa Modern Standby, wazo lao lilikuwa laptopu ifanane na simu, ukifunika iendelee kushika mtandao, ipokee imeili, ikifunguliwa iamke hapo hapo. Wazo zuri kwa aliye na umeme saa zote. Ila kinachotokea, umeifunika, iko kwenye begi, kuna programu inaiamsha ndani kwa ndani, prosesa inafanya kazi, feni haina pa kupumulia kwa sababu iko katikati ya daftari na kitenge, na begi linapata moto. Wapo abiria wa kosta waliowahi kushika begi wakadhani mwenzao kabeba maandazi. Unafika Mbeya kutoka Makambako hujaifungua hata mara moja na chaji imeshuka vibaya. Na laptopu nyingi za siku hizi hazina kabisa ile S3 ya zamani, mtengenezaji kaiondoa, kwa hiyo huwezi kusema nirudishe slipu ya kizamani. Ukitaka kujua yako iko kundi gani andika powercfg /a kwenye ile dirisha nyeusi, ikikwambia Standby S0 Low Power Idle ndo ipo basi uko kundi hilo, na kwako haibaneti siyo hiari.

Huo moto wa ndani ya begi ndo adui wa kweli wa betri za lithiamu. Joto linaizeesha betri, na joto betri ikiwa imejaa ndo linaizeesha zaidi. Ukiunganisha na kuisha hadi sifuri kila wikiendi umemaliza.

Hapa niseme na la baridi, maana huku kwetu kila kitu kinasingiziwa baridi. Njombe, Makete, Mafinga, hata hapa Mbeya mwezi wa sita na wa saba, mtu anakuja anasema fundi baridi imeua betri yangu. Baridi inapunguza nguvu betri inayoweza kutoa kwa wakati ule, hiyo ni kweli, asubuhi ya Kitulo yenye barafu kwenye majani laptopu inaweza ikakata mapema, lakini ikipata joto la kawaida uwezo unarudi, haijafa. Tena betri iliyohifadhiwa mahali pa ubaridi inazeeka polepole kuliko iliyoko Kyela kwenye joto. Kibaya ni kuichaji ikiwa imeganda chini ya nyuzi sifuri, na kibaya zaidi ni kile nilichokikuta mwenyewe kwa mteja mmoja, laptopu imewekwa pembeni ya jiko la mkaa eti ipate joto ndo iwake, upande mmoja plastiki imeanza kujikunja. Jamani! Ikitoka kwenye baridi iache ndani ya begi lake izoee taratibu, vinginevyo mvuke unajikusanya ndani kama unavyojikusanya kwenye miwani. Na wale wa kuchaji laptopu juu ya blangeti kitandani nao ni walewale wa jiko la mkaa ila wanajificha.

Ushauri mwingine wa wazee, kwamba iache betri iishe kabisa ndo uchaji, ulikuwa na maana kwenye betri za nikeli za zamani. Za lithiamu ziko sokoni tangu 1991 na hazitaki kabisa mambo hayo, zinapenda kuchajiwa katikati katikati. Walimu wakati wa likizo ndefu ya mwezi wa kumi na mbili wengi wanaiacha laptopu ofisini iko slipu, inakula hadi sifuri, halafu inakaa na sifuri hiyo wiki kadhaa, betri inashuka hadi ule mtambo wa ulinzi ulio ndani yake unakataa kuipokea chaji tena. Hapo ndo kweli imekufa na hapo nitakuuzia nyingine bila kubisha. Ukienda likizo iache na chaji kama nusu hivi, zima au haibaneti, ifungie kabatini pasipo na jua.

Namna ya kuiwasha siyo ngumu ila wameificha, tangu Windows 8 wameiondoa kwenye orodha ya kuzimia, ndo maana wengi hawajawahi kuiona na kitu usichokiona ni rahisi kukitungia uongo, wakati haibaneti ilikuwepo hata kwenye Windows 2000. Kama fundi aliizima unaanza kwa kufungua Command Prompt kama administreta unaandika powercfg /hibernate on unabonyeza enta, haijibu kitu, ikikaa kimya ujue imekubali. Kisha unaenda Control Panel, halafu Power Options, upande wa kushoto kuna Choose what the power buttons do, ukiingia bonyeza Change settings that are currently unavailable, chini utaona kiboksi cha Hibernate, kiwekee tiki, sevu. Hapo hapo usitoke, kuna sehemu inauliza ukifunika laptopu ifanye nini, kuna safu mbili, moja ikiwa kwenye betri nyingine ikiwa kwenye chaja, ile ya kwenye betri weka Hibernate. Basi. Ukifunika tu inajipeleka yenyewe, huna haja ya kukumbuka. Anayetaka slipu ya chai ya saa nne aweke ya kwenye betri ibaki Sleep halafu aingie kwenye mipangilio ya ndani ya nishati aseme baada ya dakika 30 iende haibaneti, wote tunafika.

Vitu vichache vya kuangalia. Flashi na modemu chomoa kabla, hasa flashi, maana ukiichomoa wakati laptopu imehaibaneti ukaenda kuitumia kwingine ukairudisha, mafaili yanaweza kuchanganyana. Kusevu kazi bado ni kusevu, haibaneti siyo ruhusa ya uvivu. Na mara moja moja, tuseme kila wiki, piga restati kamili, Windows ipumue na zile apdeti zikae sawa. Nimesema restati siyo kuzima, kwa sababu kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, mara nyingi kinakuja kimeshawashwa, ukibonyeza kuzima laptopu inafunga programu zako halafu inahaibaneti moyo wa Windows yenyewe ili kesho iwake haraka. Yaani hao wanaosambaza meseji ya kuogopa haibaneti wengi wao wanaitumia nusu nusu kila jioni na betri zao hazijafa!

Kwa nini nimeleta hili gazetini badala ya kuwaambia wateja wangu tu. Kwa sababu laptopu nyingi zinazofika kwangu siyo za kununua mtu mmoja mmoja, ni za kugawiwa, za shule, za ofisi za kata, za vikundi, kaja mfadhili au kaja mradi, picha zimepigwa, mwalimu mkuu kasaini kapewa boksi. Hakuna aliyekaa naye dakika kumi kumwambia ukiifunika haijazima. Na wengi wanaopewa wako sehemu ambazo umeme unakuja na kuondoka, au wanachaji kwa sola ya dukani kwa mtu, mtu anatembea na laptopu hadi senta ichajiwe, analipia, anairudisha nyumbani imejaa, anaifunika, kesho kutwa anaifungua ina asilimia kumi na kitu. Hiyo ni hela ya mtu imekaa bure kwenye begi usiku kucha. Wa mjini akikuta betri imeisha anachomeka ukutani anaendelea, hata hajui alipoteza kitu. Huko Ileje ndani au milimani kwa Makete ni safari nyingine ya kwenda senta.

Mafundi wenzangu wa Mwanjelwa, Iringa, Njombe na Tunduma, najua kuuza betri kuna faida kuliko kuweka tiki kwenye kiboksi. Lakini hebu kabla ya kumwambia mama wa watu betri imekufa toa ile ripoti, mwonyeshe hizo namba mbili, kama iliyobaki ni chini ya nusu ya kiwandani muuzie kwa roho safi. Na mkipiga Windows msizime haibaneti bila kumuuliza mwenye mali.

Kwa wanaogawa laptopu, halmashauri, miradi, makanisa, yeyote, ombi langu ni dogo. Kabla boksi halijafungwa fundi wenu aiwashe haibaneti na aweke kifuniko kiielekeze huko, kazi ya dakika mbili kwa kila laptopu. Halafu kwenye ile fomu ya makabidhiano, pale mnapoandika chaja ipo, begi lipo, mausi ipo, ongezeni mstari mmoja, haibaneti imewashwa, ndiyo au hapana, na anayepokea aonyeshwe kwa macho yake kabla hajasaini.

Fundi kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya